Majina Thelathini na Moja

Murungu, Jumapili 6 Oktoba 2024

Kwa miaka arobaini na minne nimeficha daftari. Liko chini ya debe la mbegu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na ndani yake mna majina thelathini na moja ya askari waliorudi kutoka vita vya Kagera wakiwa wameharibika akili. Mimi nilikuwa mganga msaidizi wa kombania yao. Kwenye kadi zao niliandika malaria, minyoo, mgongo. Kwenye daftari niliandika kweli: huyu anasikia sauti ya mwenzake aliyekufa, huyu hawezi kukaa akiwa amegeuzia mlango mgongo, huyu amejaribu kujinyonga kwa mkanda. Waliorudi walikuwa mia moja na kumi na wawili. Thelathini na mmoja ni zaidi ya robo, na hao ni wale tu waliothubutu kuja kwangu.

Nayasema sasa kwa sababu juzi daktari wa hospitali ya Kabanga aliusikiliza moyo wangu muda mrefu, akavua chombo chake masikioni, kisha akaniuliza nina watoto wangapi. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini. Najua swali hilo huulizwa lini.

Jumatano 9 Oktoba

Mvua ya kwanza. Esteri, binti yangu wa mwisho anayenitunza, amepanda maharage. Ananisemesha kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Kilichoharibika ni moyo, si masikio.

Alhamisi 17 Oktoba

Amekuja binti wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, jina lake Asmahani, na gari la mradi, na kishikwambi kilichovishwa ngozi kama Biblia. Anatafiti ni wastaafu wangapi wa jeshi, huku Kibondo na Kasulu, walio na maradhi ya akili: hofu, huzuni, kukosa usingizi, ulevi. Ameelekezwa kwangu kwa kuwa wazee watanisikiliza.

"Maswali mangapi?" nilimuuliza.

"Hamsini na mawili, babu."

Nilicheka hadi Esteri akaleta maji.

"Babu anacheka nini?"

"Nacheka hilo la hamsini na mbili. Hutafika hapo."

Nimekubali kumpeleka. Mtu anayekufa anahitaji burudani.

Alhamisi 24 Oktoba

Wastaafu kumi na mmoja wameulizwa. Wote wazima. Wazima kabisa, wazima kama mawe.

Leo tulikuwa Kumsenga kwa sajini mmoja ambaye ni jina la nne kwenye daftari langu. Mwaka 1981 nilimtoa chini ya kitanda cha zahanati nikimvuta mguu. Leo ametupokea mlangoni, ameinama akapiga makofi kwa heshima kama tulivyofunzwa, mwakeye, mwakeye, amahoro, ni amahoro: habari za leo, ni amani tu. Tukakaa. Asmahani akafungua kishikwambi.

"Mzee wangu, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya jambo lolote?"

"Hamu ya nini?"

"Ya jambo lolote."

"Mimi nina miaka sabini na mbili, mwanangu. Taja jambo kwanza."

"Haya. Huwa unashtuka bila sababu?"

"Nikimwona mkwe wangu anakuja. Lakini hiyo ni sababu."

Mkewe alikuwa amekaa kizingitini, anamtazama usoni kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa motoni. Asmahani hakumwona. Aliandika hapana, hapana, hapana, akashukuru.

Ningeweza kumwambia anakosea wapi. Hapa kwetu mtu akishajibu amahoro mlangoni, amefunga. Hawezi kuingia ndani akasema anaumwa. Atakuwa amemdanganya mgeni, na mgeni hadanganywi. Ukitaka kujua ugonjwa wa Muha, usimsalimie kwanza. Lakini sikumwambia. Watu waliosoma kwa fedha za mradi wajifunze wenyewe.

Jumamosi 26 Oktoba

Mvua. Miguu imevimba. Uji.

Jumamosi 2 Novemba

Bazilio, jirani yetu wa upande wa chini, amekuja kunijulia hali. Hukaa mbali, karibu na ua, anashika kofia kwa mikono miwili ili isionekane inavyotetemeka. Alikuwa wa kombania yetu. Alifukuzwa jeshini mwaka 1979 kwa ulevi, hakupata kiinua mgongo wala pensheni, na kanisani hajawahi kupewa hata kazi ya kufagia. Watu humwita Bazilio Chupa. Hakuna aliyemwona akinywa. Wanasema hiyo ndiyo dalili ya mlevi mwenye akili.

Ana jambo lingine wanalomchekea. Wakati wa kupura maharage, kila mwanamume hapa huungana na majirani, mnazunguka rundo na kulipiga kwa fimbo hadi maganda yapasuke. Bazilio hapuri. Huondoka siku hizo, akaenda bondeni mtoni, na akirudi humenya ya kwake kwa vidole, ganda moja moja, magunia manne, kama bibi anayeandaa mboga ya jioni.

"Mwakeye, Tabibu," alisema. "Unaendeleaje?"

"Nakufa taratibu. Na wewe?"

"Amahoro."

Alikaa kama robo saa, akaondoka. Sijui huwa anakuja kutafuta nini.

Jumanne 19 Novemba

Asmahani amehoji wastaafu thelathini na wanane. Maradhi: sifuri. Leo amelia ndani ya gari akidhani nimelala. Kumbe ana moyo. Nilikuwa nimemweka pamoja na wale wa semina na chakula cha pakiti.

"Babu, nikipeleka matokeo haya wataandika kwamba wastaafu wa huku hawana shida. Huduma zitapelekwa kwingine. Huyu daktari wa akili tunayemwombea kliniki Kasulu hatakuja."

"Je, si ndivyo walivyosema wenyewe?"

"Wake zao hawasemi hivyo. Wananifuata hadi kwenye gari wakiniuliza kama nina dawa ya mtu anayepiga kelele usingizini."

Kumbe aliwaona wake zao. Nikaona nimemdharau pasipo haki, jambo linalonitokea mara chache, nikamwambia: "Usimuulize mtu habari zake. Alishasema amahoro. Muulize habari za mwenzake wa kombania."

Jumatano 11 Desemba

Imefunguka kama bwawa. Kila mzee ana habari za mwenzake. Fulani wa Kasulu halali bila panga chini ya mto. Fulani hajazungumza na wanawe tangu walipozaliwa. Fulani alijirusha kisimani, wakamtoa, wakasema aliteleza. Yule sajini wa Kumsenga, ambaye ni mzima kama jiwe, amewataja sita kwa pumzi moja, na wawili kati ya hao walikuwa wamemtaja yeye jana yake.

Asmahani anahesabu. Anasema inakaribia mmoja kati ya wanne. Nilikuwa na hesabu hiyo kabla mama yake hajazaliwa.

Nimewasikiliza wazee hawa wiki tatu. Nilizoea kuwadharau. Niliwaona watu waliokwenda vitani wakiwa wanaume na kurudi wakiwa vyerehani, wanatetemeka ukigusa gurudumu. Sasa nawasikia jinsi wanavyosemeana kwa upole, kila mmoja akimtetea mwenzake kwa siri, "si kosa lake, ni kule tulikotoka," nami naanza kujiuliza dharau ile nilikuwa naitumia kufunika nini.

Jambo moja tu. Mtu wa mwisho aliyeulizwa jana, Asmahani alimuuliza: "Na Bazilio wa Murungu?"

"A-a, yule si mgonjwa. Yule ni mlevi tu. Barua yake ya kufukuzwa ilisema."

Wote wamesema hivyo hivyo. Wote wana mgonjwa wa kumhurumia, na hakuna aliyemtaja Bazilio.

Jumatano 25 Desemba

Krismasi. Mahubiri marefu juu ya amani, kutoka kwa mchungaji ambaye hasalimiani na shemeji yake. Nyama ngumu.

Jumamosi 28 Desemba

Mvua haikatiki. Maharage yameng'olewa na yanaozea chini ya maturubai. Niyomwungere, mwenyekiti wa kitongoji, anapita nyumba kwa nyumba akitukana mawingu kana kwamba nayo yanapiga kura.

Jumamosi 4 Januari 2025

Naandika polepole. Mkono mzito.

Jua lilitoka saa tatu asubuhi, kali, la ghafla. Niyomwungere akapuliza filimbi yake: wapuraji wote waje kwake mara moja kabla mvua haijarudi. Kwa kawaida siku ya kupura hutangazwa kanisani Jumapili, na Bazilio huisikia, huchukua jembe na kwenda zake mtoni. Safari hii hakuna aliyetangaza, wala hakuna aliyemkumbuka. Uwanja wa Niyomwungere na nyumba ya Bazilio vinatenganishwa na ua wa miti tu. Esteri alikuwa amenitoa nje kwenye kiti, kwa hiyo niliona yote.

Wanaume kumi na wanne walizunguka rundo. Niyomwungere alianza, kama kawaida yake, kwa mzaha.

"Chupa yuko wapi leo? Mwiteni aje na vidole vyake!"

"Anamenya, mwenyekiti! Atamaliza Pasaka!"

Fimbo zikaanza. Mwanzoni moja moja, halafu zikashikana, tatatata, tatatata, bila kupumzika. Maharage makavu yakipigwa na watu kumi na wanne yana mlio wake. Niliuacha Kagera mlio ule, lakini kila Januari nimekaa hapa nikiusikiliza na kujifanya nasikia maharage.

Bazilio alitoka kwa kupenya ua. Hakuzunguka, alipenya, miiba ikamchana. Hakumtazama mtu. Pembeni ya uwanja walikuwapo watoto watatu wanaookota punje zinazoruka. Aliwakumba wote watatu kwa mikono miwili, akakimbia nao hadi kwenye shimo la kuvundikia ndizi, akawatupa humo na kuwalalia juu, anapiga kelele kwa Kiswahili cha jeshi, sauti ya kijana wa miaka ishirini na moja: "Lala chini! Lala! Usiinue kichwa!"

Walipomng'oa, mjukuu wa Niyomwungere, binti wa miaka sita, alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Niyomwungere alimpiga Bazilio fimbo ya maharage kichwani. Bazilio hakujikinga. Alikuwa anawatazama wale watoto, anawahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, kisha akakaa chini na kumshukuru Mungu.

"Amelewa asubuhi yote hii!" mtu alisema.

"Nusa mdomo wake," nilisema kutoka kwenye kiti. Hakuna aliyenisikia. Nilisema kwa sauti ndogo. Ningeweza kusema kwa kubwa.

Jumatatu 6 Januari

Yuko mahabusu Kibondo. Binti amefungwa bega, atapona.

Jumanne 7 Januari

Amekuja mke wa Bazilio, Ininahazwe. Wazazi wake walimleta kutoka Burundi mgongoni mwaka sabini na mbili, na sasa ni raia kama mimi, lakini akiwa na hasira Kirundi chake hurudi.

Hakupiga makofi. Hakuuliza habari. Alisimama mbele ya kiti changu.

"Muzehe, sikukusalimia kwa sababu nataka jibu la kweli. Mume wangu hali. Milango ya kule ikifungwa anajificha chini ya benchi. Niyomwungere anasema tukihama kijiji atafuta kesi, tusipohama atahakikisha mume wangu anafungwa. Nihamie wapi? Nimeshahama mara moja katika maisha yangu, inatosha."

"Mimi nifanye nini?"

"Wewe ulikuwa tabibu wao. Mimi nimelala naye miaka thelathini na mitano. Sijawahi kunusa pombe. Hata ya ndizi kwenye harusi yetu, oya, hapana, hakugusa. Nani aliandika kwamba ni mlevi?"

Nilimwambia jeshini huandika watu wengi.

Alinitazama sana. "Kila mwezi anakuja hapa kukusalimia," alisema. "Nikimuuliza unafuata nini kwa yule mutama, mzee mwenye mdomo mchungu, ananiambia: labda siku moja ataniita."

Aliondoka. Esteri akauliza kwa ile sauti yake ya ng'ombe kama nataka chai.

Alhamisi 9 Januari

Asmahani amefika. Amemwona Bazilio, amezungumza na wakubwa wa pale. Daktari wa akili atakuja Kasulu mwisho wa mwezi, naye yuko tayari kumpima na kuieleza mahakama. Tatizo ni moja.

"Hakimu atauliza yalianza lini, babu. Karatasi pekee ya jeshi aliyonayo inasema ulevi. Ikibaki hiyo, ataonekana mlevi aliyejeruhi mtoto. Ikipatikana karatasi ya zamani inayoonyesha kwamba aliugua akiwa kazini, mambo yanabadilika. Si kesi tu. Hata haki zake."

"Na isipopatikana?"

"Mkewe anaweza kufungasha."

Nimemwambia arudi Jumatatu. Sikulala mchana. Kwa daftari lile nimejipa heshima kwa miaka yote hii. Nilikuwa najiambia: hawa wengine ni waongo, mimi angalau nimeweka kweli mahali. Kweli iliyo chini ya debe la mbegu! Nimewacheka watu wa kijiji hiki maisha yangu yote kwa kusema amahoro huku wanakufa. Wao walikuwa wanamlinda mgeni. Mimi nilikuwa namlinda nani?

Jumapili 12 Januari

Niyomwungere amekuja kuniombea pamoja na wazee wa kanisa. Nimewafukuza. Pumzi fupi.

Jumatatu 13 Januari

Nimemtuma Esteri chini ya debe. Asmahani amelifungua daftari magotini na kusoma kurasa zote, jina kwa jina. Alipomaliza alilifunga taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Thelathini na mmoja kati ya mia moja na kumi na wawili," alisema. "Babu, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta mwaka mzima." Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole tena, mara mbili.

"Lakini Bazilio hayumo."

"Hayumo."

"Umesema alikuwa wa kombania yenu. Hakuja kwako?"

Esteri alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Nilimwambia akae. Nilimwambia Asmahani aweke kishikwambi chini, nikaomba karatasi na kalamu, kwa sababu jambo hili lazima liwe kwa mwandiko wangu, na mwandiko wangu wanaujua jeshini. Imenichukua mchana wote. Ameondoka na karatasi hiyo, ina sahihi yangu, na kesho asubuhi ataifikisha Kibondo. Hapa naandika yale yale, ili Esteri asije akasikia toleo zuri zaidi kwa watu watakaonizika.

Mwaka 1979, tuliporudi, mkuu wa kombania aliagiza kila mtu apimwe mwili na akili kabla ya kupangiwa lindo jipya, fomu ziwe mezani kwake Jumamosi. Alinipa siku tano. Siku nne nilikunywa. Mimi pia nilikuwa nimetoka kule. Sitaki huruma kwa hilo. Wengine walitoka kule wakafanya kazi yao. Ijumaa alasiri nilijifungia ndani ya zahanati na orodha ya majina, nikajaza fomu mia moja na kumi na mbili. Mzima. Mzima. Mzima. Saa mbili na nusu zilitosha.

Walirudishwa lindoni wote. Baada ya wiki saba Bazilio aliingia chini ya lori, akakaa humo siku tatu, hakuna aliyeweza kumtoa. Jambo la wazi namna ile halikuweza kuitwa malaria. Kama ningeandika ugonjwa wa akili, wangeuliza nani alimpitisha. Kwa hiyo niliandika ulevi uliokithiri, nikapendekeza afukuzwe, na ulevi niliomwandikia ulikuwa wangu. Waliomfuata, wale thelathini na mmoja, niliwaandikia malaria kwa sababu hiyo hiyo. Daftari nililianzisha baadaye, niweze kulala.

Ile Ijumaa askari wenyewe hawakuwa mbali. Walikuwa wamekaa nje ya zahanati kwenye mstari, mashati mkononi, wakisubiri kuitwa. Bazilio alikuwa wa kwanza. Alifika tangu asubuhi. Alasiri ilipokuwa inaisha aligonga mlango mara mbili, polepole, akasema, "Tabibu, mimi nina neno."

Nilimjibu bila kuinuka kwenye kiti: "Wewe umeshapimwa."